Kwa anayeanza kukusanya picha kongwe za chapa

Kabla hujanunua picha ya chapa hata moja, yaani iliyochongwa au kuchorwa kwenye bamba la shaba au mbao kisha ikachapwa kwa wino kwenye karatasi, nunua lenzi ndogo ya mkononi inayokuza mara 10, ile wanayotumia masonara. Nayasema haya mapema kwa kuwa anayeanza huvutwa na kilichochorwa: anaona majahazi, anaona bandari ya Unguja ya zamani, moyo unadunda, pesa zinatoka. Picha iliyotolewa juzi kwa mashine nayo ina majahazi hayohayo. Tofauti iko kwenye wino na karatasi, na huko ndiko jicho linatakiwa kutangulia.

Mimi hukusanya picha za pwani yetu zilizochapwa Ulaya kati ya karne ya 16 na ya 19, kwa hiyo mifano yangu mingi itatoka huko. Ukipenda kazi za mabingwa wa Ulaya kama Rembrandt au Goya, njia ya kuzichunguza ni ileile.

Elekeza lenzi kwenye kivuli, kwenye anga au kwenye maji. Ukikuta vitone vidogo vilivyojipanga safu kwa safu, hiyo ni nakala iliyopitia kwenye kamera. Uchapaji wa vitone ulianza kuenea magazetini miaka ya 1880. Picha inayodaiwa kuwa ya mwaka 1572 haiwezi kuwa navyo. Kama hakuna vitone, fuata mistari. Mstari uliochongwa moja kwa moja kwenye shaba kwa chuma chenye ncha huanza mwembamba, hunenepa, kisha huchongoka tena. Mstari wa tindikali una tabia nyingine: fundi alipaka bamba nta, akachora juu yake kwa sindano, kisha akalitia kwenye tindikali ikala shaba pale palipochorwa. Huo huwa na unene unaokaribiana mwanzo hadi mwisho, na ncha yake ni butu. Kwa njia zote mbili karatasi ililoweshwa kidogo ikabanwa sana juu ya bamba, ndiyo maana hubaki mfinyo wa pembe nne kuzunguka picha. Pitisha kidole taratibu upande wa nyuma, utauhisi. Ila usiutegemee peke yake, kwa sababu wapo wanaoughushi, na pia kuna picha halali ambazo pambizo zake zilikatwa zamani mfinyo ukaenda nazo.

Halafu inua karatasi kwenye mwanga. Karatasi za Ulaya za kabla ya katikati ya karne ya 18 zilitengenezwa kwa matambara juu ya wavu wa nyaya, na mistari ya nyaya hizo bado inaonekana, pengine pamoja na alama ya kiwanda. Picha ya karne ya 16 kwenye karatasi laini isiyo na mstari wowote iache hapohapo mezani.

Nichukue mfano ninaoupenda kuliko yote. Mwaka 1572 Georg Braun na Franz Hogenberg walitoa huko Köln juzuu ya kwanza ya kitabu chao cha miji ya dunia. Ndani yake kuna bamba moja, yaani ukurasa mmoja wa picha, lenye Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala kwa pamoja. Kwa mtu wa pwani kuiona Kilwa imeandikwa “Quiloa” kwenye shaba ya Wajerumani wa wakati ule ni jambo kubwa. Kwa kuwa lilikuwa ukurasa wa kitabu, lazima liwe na kunjo katikati na maandishi nyuma. Kitabu kilitolewa kwa Kilatini, Kijerumani na Kifaransa, kwa hiyo lugha ya maandishi hayo hukusaidia kujua toleo. Ukiletewa lisilo na kunjo wala maandishi, uliza maswali mengi. Na rangi je? Kijani cha zamani kilitokana na shaba, nacho hula karatasi: geuza, utaona alama za kahawia nyuma ya sehemu za kijani. Kijani kibichi ambacho hakijagusa upande wa pili huenda kimepakwa karne nyingi baadaye.

Bamba hilo ni ghali, na sikushauri uanze nalo. Anza na magazeti ya picha ya karne ya 19, hasa Illustrated London News lililoanza 1842. Picha zake zilichongwa kwenye mbao za mti mgumu wenye shina jembamba, ikabidi vipande vingi viunganishwe kwa skrubu ili kupata picha kubwa, na kila fundi akapewa kipande chake. Tafuta mistari miembamba myeupe iliyonyooka inayokata picha. Ndiyo maungio hayo. Ukiiona, furahi. Magazeti hayo kwa kawaida yalitoka kwa wino mweusi tu, basi rangi unayoiona dukani leo mara nyingi imeongezwa ili kupandisha bei. Mimi huchukua isiyopakwa.

Humo utakuta ziara ya Sultani Barghash London mwaka 1875, na kushambuliwa kwa Unguja tarehe 27 Agosti 1896. Jifunze historia ya majengo, itakukinga. Beit al-Ajaib, jumba la sultani huko Unguja, lilijengwa 1883. Mnara uliosimama peke yake mbele yake uliharibiwa na mizinga ya 1896, na mnara wa saa uliounganishwa na jengo ulikuja baadaye. Muuzaji akikuambia picha ni ya 1870 na Beit al-Ajaib limo, unajua la kufanya. Tangu sehemu ya jengo hilo iporomoke Desemba 2020, karatasi hizi zimezidi kuwa na thamani kwangu, na simaanishi bei.

Kwa wapenzi wa mabingwa wa Ulaya neno langu ni fupi: uliza picha ilichapwa lini, mbali na swali la nani aliichora. Goya alifariki 1828, lakini mfululizo wake wa maafa ya vita ulichapwa kwa umma mara ya kwanza 1863. Mabamba ya Rembrandt yaliendelea kuchapwa muda mrefu baada ya kifo chake, mistari ikizidi kufifia. Picha za namna hiyo zote zaweza kuuzwa kama kazi za mabingwa hao, ila bei haipaswi kulingana.

Usimnunulie mtu anayechana kitabu kizima ili auze kurasa. Kurasa zilizokwisha kutengana ni nyingi, zinatosha. Ukiona muhuri wa maktaba, au mahali palipokwanguliwa muhuri, dai karatasi ya kuonyesha ilivyotoka huko. Bila hiyo, rudisha.

Ukishanunua, adui wako ni unyevu na jua la pwani. Usitumie selotepu kabisa, wala gundi ya dukani. Ishikize picha juu kwa vipande viwili vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, juu ya kadibodi isiyo na asidi, na kioo kisiiguse. Usiitundike kwenye ukuta unaopigwa na mvua ya masika, na kila msimu huo ukiisha ishushe uangalie nyuma kama kuna ukungu au njia ya mchwa.