Jana mlezi mwenzao, leo msimamizi: maswali yenu na majibu

Maswali ya safari hii yametoka kwa walezi wa vituo vya kulelea watoto mchana Mtwara na Lindi ambao wamepewa usimamizi hivi karibuni. Mengine nimeyafupisha.

Mlezi mmoja ni mkubwa kwangu, ndiye aliyenifundisha kazi, na kila asubuhi namwamkia. Sasa mimi ndiye msimamizi wake, na anawalisha watoto uji kwa nguvu. Nimwambieje? (Chikongola, Mtwara)

Endelea kumwamkia, cheo hakiondoi shikamoo. Ila uji wa nguvu hauwezi kusubiri mpaka ukizoee cheo. Mtoto anayeinuliwa kidevu na kusukumiwa kijiko anaweza kupaliwa, na hata asipopaliwa anajifunza kukiogopa chakula.

Usimkemee mbele ya watoto wala mbele ya wenzake. Wakati wa uji kaa naye kwenye mkeka, chukua mtoto mmoja umlishe wewe. Chota nusu kijiko, kisogeze mbele ya mdomo, subiri. Akifungua mwenyewe, mpe. Akigeuza uso, shusha kijiko, mfute kidevu, msemeshe kidogo, halafu jaribu tena. Utaona muda unavyokwenda, na hapo utaelewa kwa nini mwenzako analazimisha: ana watoto wanane mbele yake, uji unapoa, jikoni wanataka vikombe vyao. Hilo sasa ni lako kulitatua. Wadogo kabisa wale kwanza, na mtu mmoja aachie kazi nyingine nusu saa hiyo aje kusaidia.

Watoto wakishalala, mwite pembeni siku hiyohiyo. "Mama, leo kwenye uji nimeona watoto wawili wanasukumiwa kijiko. Naomba tuwe tunawasubiri wafungue mdomo. Kesho wewe chukua wanne, waliobaki nitawalisha mimi." Taja ulichokiona kwa macho yako, usianze na "watu wanasema". Ukimtuma mtu akamwambie, au ukaandika kwenye kundi la WhatsApp, hapo ndipo utakuwa umemvunjia heshima kweli. Akiendelea baada ya kuzungumza, andika kwenye daftari tarehe na mlichokubaliana, naye asaini. Ni aibu kumsainisha mtu unayemwita mama, najua. Msainishe. Mtoto wa miaka miwili hana pa kupeleka malalamiko yake isipokuwa kwako.

Mwenye kituo aliniambia nichukue cheo kwanza, mshahara tutaongea baadaye. Ni miezi mitano sasa. (Lindi)

Omba barua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi, na yakibadilika ayarekebishe kwa kushauriana nawe na kukujulisha kwa maandishi. Andika kwenye karatasi kazi zilizoongezeka: kufungua kituo, kutunza funguo, kupokea ada, kupanga zamu. Nenda nayo siku ambayo ametulia.

Kuna jambo wengi hawalijui. Masharti ya saa za kazi katika sheria hiyo, yaani ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na malipo ya saa za ziada, hayamhusu mfanyakazi anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Kwa hiyo cheo kinaweza kukuondolea malipo ya ziada uliyokuwa ukiyapata ulipokuwa mlezi. Kubalianeni saa zako na malipo yake kwenye hiyo barua. Ikishindikana kabisa, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi.

Msimu wa korosho kina mama wanakwenda shambani alfajiri. Jioni mtoto anafuatwa na kaka yake wa darasa la tatu, au na bodaboda tusiyemjua. Nikikataa wanasema nina roho mbaya. (Tandahimba)

Kataa, dada yangu. Lakini kukataa mlangoni saa kumi na moja jioni ni kuchelewa. Kazi hii inafanyika kabla ya msimu.

Mapema, korosho hazijaanza kudondoka, ita kikao cha wazazi. Kila mtoto awe na kadi yenye majina ya watu wazima watatu wanaoruhusiwa kumchukua, namba zao za simu, na picha zao ikiwezekana. Wasichague mama peke yake. Baba aandikwe, babu aandikwe, na jirani asiyekwenda shambani. Mashambani simu mara nyingi haishiki, hivyo usitegemee kumpigia mama wakati bodaboda ameshawasha pikipiki. Anayechukua anasaini au anaweka dole gumba, pamoja na saa. Bodaboda ambaye jina lake halimo kwenye kadi hapewi mtoto, hata akimtaja mama kwa jina na nyumba anakokaa.

Yule kaka wa darasa la tatu usimfukuze. Mpe maji, akae na mdogo wake mpaka aje mtu mzima. Naye ni mtoto, na ametoka shule na njaa.

Panga pia zamu ya mlezi wa kubaki jioni, na mwenye kituo akubali kuilipa. Zamu isiyolipwa haidumu wiki mbili. Na wazazi hawa wasiitwe wazembe. Korosho iliyodondoka ikinyeshewa inapoteza ubora, na ubora ukishuka bei inashuka, na hiyo ndiyo ada ya kituo chako.

Wazazi wanataka watoto wa miaka mitatu wapewe kazi za nyumbani kwa sababu kituo cha jirani wanaandika a mpaka z. (Masasi)

Usikubali. Waalike waje kukaa asubuhi moja. Waone mtoto akijaza mchanga kwenye kifuu na kumimina, akipanga makombe ya pwani kwa ukubwa, akisimulia hadithi ya sungura kwa maneno yake. Vidole na ulimi vinavyofanya kazi hiyo ndivyo vitakavyoshika penseli baadaye. Hata Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa mwaka 2021, inautaja ujifunzaji wa awali pamoja na afya, lishe, malezi yenye mwitikio (yaani kumsikiliza mtoto na kuitikia mahitaji yake), na ulinzi na usalama. Daftari lililojaa herufi si kipimo.

Mtoto ameletwa ana alama za fimbo mgongoni. Mwenye kituo anasema nikiripoti tutapoteza wazazi. (Mtwara)

Ripoti leo. Kama ana jeraha, hospitali kwanza. Usimhoji mtoto maswali mengi. Msikilize, andika maneno yake kama alivyoyasema, alama ulizoziona na mahali zilipo, tarehe na saa. Kisha nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa, yaani halmashauri, pale haki za mtoto zinapovunjwa, na mwenye kituo hawezi kukuondolea wajibu huo. Ipo namba 116 ya bure, na lipo dawati la jinsia na watoto polisi. Usitangaze kwa walezi wengine zaidi ya wanaohusika, familia hiyo bado itahitaji kuishi mtaani.

Nina uzoefu lakini sina cheti. Nisome wapi? (Nachingwea)

Anza kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya yako, umuulize sifa zinazotakiwa kwa msimamizi, kwa sababu ndiye anayekagua vituo. Taasisi ya Ustawi wa Jamii ina kampasi Kisangara, wilayani Mwanga, inayofundisha malezi na makuzi ya watoto. Ni mbali na kusini, hivyo piga hesabu ya nauli na malazi mapema, na mwajiri akuandikie kwamba nafasi yako ipo utakaporudi. Kabla hujaondoka, mwachie mwenzako mmoja kadi za watoto na daftari la mahudhurio, na mjaze pamoja wiki nzima ya mwisho.