Kupika botini bila gesi: anzeni na chungu cha maharagwe, jiko litafuata

Ndugu muuliza, umeeleza kwamba wewe na mkeo mmenunua boti la tanga la futi 34 lililotia nanga katika hori ya Kilifi, kwamba mmeng'oa mipira ya gesi iliyochakaa na hamna nia ya kuirudisha, na kwamba sasa mnasitasita kati ya jiko la indaksheni (lile la umeme linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku), jiko la spiriti na jiko la mafuta ya taa. Umeuliza pia mtafanyaje wakati wa masika, na kama mtaweza kuoka. Mimi naishi botini huku pwani, na riziki yangu naipata kwa kufunga umeme wa sola kwenye vyombo vya watu, kwa hiyo nitajibu kama mpishi na kama fundi kwa wakati mmoja.

Kuhusu gesi sitarefusha, kwa kuwa uamuzi mmeshaufanya. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, propani kwa takriban mara moja na nusu na butani kwa karibu mara mbili. Ikivuja ndani ya boti hushuka hadi kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya boti, na kutulia huko, mahali ambapo mara nyingi ndipo penye swichi ya pampu ya maji, na ikifikia kiasi cha asilimia 2 hivi ya hewa, cheche moja inatosha kuilipua. Wapo wanaoifunga vizuri, katika sanduku lisilovujisha kuelekea ndani na lenye tundu la kutolea gesi nje ya boti, nao wanapika kwa amani. Hata hivyo hewa ya chumvi haichoki kula regyuleta na vibano, na anayeamua kutoishi na wasiwasi huo simlaumu.

Watu wengi wakifika hapo huanza kulinganisha jiko na jiko. Nawashauri muanze na chakula. Andikeni mnachokula kwa wiki nzima, kisha mweke alama kwenye kila kitu kinachochemka zaidi ya nusu saa. Kwa meza ya pwani alama zitakuwa nyingi: maharagwe, mbaazi, pojo, githeri, nyama ya kuchemsha, pweza. Samaki wa kukaanga, mayai na chai, ambavyo ndivyo watu huvifikiria wanapochagua jiko, havili nishati nyingi. Kinachomaliza betri, au chupa ya spiriti, ni chungu kinachotokota saa mbili kikipoteza mvuke kwenye kibanda ambacho tayari ni cha joto.

Ndiyo sababu chombo cha kwanza ambacho ningenunua ni presha kuka ya umeme, kabla hata ya kufikiria jiko la indaksheni. Ile ya lita 6 kwa kawaida ni ya wati 1000, na ile ya lita 3, ambayo kwa watu wawili inatosha kabisa, ni ya wati 700 hivi. Haivuti wati hizo muda wote. Huvuta mpaka presha ijae, kisha hujizima na kujiwasha kidogo kidogo, kwa kuwa imefunikwa pande zote na joto halitoki. Nusu kilo ya maharagwe makavu huiva kwa karibu yuniti 0.4 za umeme, yaani yuniti zilezile mnazonunua kwa tokeni mkiwa nchi kavu. Maharagwe hayohayo katika sufuria ya kawaida juu ya jiko la umeme yanaweza kula mara tatu ya hapo. Isitoshe, kifuniko chake hujifunga, hivyo boti likiyumba kwa wimbi la mashua iliyopita kwa kasi, mchuzi unabaki ndani. Ifungeni tu kwa mkanda kwenye meza ya jikoni ili chombo chenyewe kisiende safari. Mvuke msiutoe kwa ghafla ndani ya kibanda. Acheni presha ishuke yenyewe, au muiweke chini ya dirisha la dari kabla ya kufungua vali.

Kasoro yake ni ugali. Sufuria ya ndani imekaa huru, kwa hiyo unga unapoanza kukaza na ukautia mwiko nguvu, sufuria nzima huzunguka pamoja na mwiko na ugali unabaki na mabonge. Wapo wanaoishika kwa kitambaa kwa mkono mmoja na kusonga kwa mwingine. Mimi ugali naupikia kwenye moto.

Jiko la indaksheni ni zuri na linastahili nafasi ya pili. Hupeleka sehemu kubwa ya nguvu moja kwa moja kwenye sufuria, karibu asilimia 85, halina mwali wa kupeperushwa na upepo, na halichomi kitambaa kilichoanguka kando. Lita moja ya maji ya chai huchemka kwa dakika tatu au nne. Lakini kuna mambo mawili ya kutazama kabla ya kulipa.

La kwanza ni sufuria. Sufuria zetu za alumini, ambazo kila nyumba inazo, hazifanyi kazi juu ya jiko hilo, hata ziwe nzito kiasi gani. Chukueni sumaku ndogo ya kubandika kwenye friji mwende nayo dukani: ikishika kitako cha sufuria barabara, nunueni, ikiteleza, rudisheni, hata kama muuzaji anaapa kwamba ni chuma cha pua, kwa maana vipo vyuma vya pua visivyovutwa na sumaku. Kitako kiwe bapa. Kikaango kizito cha chuma cha chapati kinafanya kazi vizuri mno, mradi kisiwe kile kilichobonyea katikati.

La pili ndilo ninaloitiwa mara kwa mara, nalo ni waya. Jiko la wati 2000 likiwashwa kwa nguvu zote kupitia inverta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, huvuta kati ya ampea 170 na 185 kutoka kwenye betri za volti 12. Huo ni mkondo mkubwa kuliko chochote kingine ndani ya boti, ukiacha stata ya injini, na stata hufanya kazi kwa sekunde chache ilhali jiko litafanya kazi dakika ishirini. Nikiitwa kukagua, huwa naomba jiko liwashwe na sufuria ya maji kwa dakika kumi, kisha nazima kila kitu na kugusa vichwa vya waya pale vinapobanwa kwenye betri na kwenye inverta. Waya wenyewe mara nyingi ni wa vuguvugu tu. Kichwa kilichobanwa kwa koleo badala ya mashine ya kubania huwa hakigusiki, na plastiki iliyo karibu nacho imeanza kugeuka kahawia. Moto wa botini huanzia mahali kama hapo. Basi waya uwe mnene, usipungue milimita za mraba 70 kwa inverta ya ukubwa huo, uwe mfupi iwezekanavyo, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Kama umeme wa boti mnaufunga upya kuanzia mwanzo, fikirieni volti 24: mkondo hupungua kwa nusu, na joto linalopotea ndani ya waya uleule hushuka hadi robo.

Betri za asidi kwa kazi hii sizipendekezi. Ya ampea-saa 200 inaonekana kubwa kwenye karatasi, lakini haipendi kushushwa chini ya nusu, na ukiivuta kwa nguvu volti huporomoka hata inverta ikapiga kelele na kujizima huku mnayo akiba tele. Betri ya lithiamu ya chuma na fosfeti ndiyo inayovumilia kupika. Ya ampea-saa 280 kwa volti 12.8 inabeba yuniti 3.5 na ushee, na sehemu kubwa yake inatumika. Hesabu yenu ya kupika, kwa watu wawili wenye presha kuka, itakuwa yuniti moja hivi kwa siku. Friji ndogo, taa na pampu vitaongeza nyingine 0.7 au 0.8.

Paneli za wati 600 zinaweza kuleta yuniti mbili siku ya jua, mkizikinga na kivuli. Boti lililotia nanga hugeuka na upepo na maji kujaa na kupwa, kwa hiyo kivuli cha mlingoti kilichokuwa baharini asubuhi kinaweza kuwa juu ya paneli ifikapo saa sita. Kamba moja tu ikipita juu ya paneli hupunguza umeme wake kuliko mnavyodhani. Kila paneli iwe na kontrola yake, yaani kifaa cha kusimamia chaji inayoingia betrini, au ziungwe sambamba, ili moja ikizibwa isizivute nyingine chini. Na pikeni maharagwe kati ya saa sita na saa nane mchana, wakati betri zinakaribia kujaa na umeme unaozidi hauna pa kwenda.

Sasa masika. Mawingu yakitanda siku tatu mfululizo paneli hizo hazitafikisha hata theluthi ya kawaida yake, na hapo ndipo ninaposema kila boti liwe na jiko la pili lisilojua habari za betri. Kwangu ni jiko la spiriti lisilo na presha, lile lenye kopo lililojazwa pamba maalumu inayofyonza ethanoli (ndiyo spiriti yenyewe), la aina ya Origo ambalo Waswidi walilitengeneza kwa ajili ya maboti. Jipya la Origo halitengenezwi tena, ila yaliyotumika yapo, na majiko ya nyumbani ya ethanoli yenye makopo kama hayo hutumika vilevile yakifungwa imara. Ni la polepole, na spiriti ina nishati ndogo: mtungi wa gesi wa kilo 6 ni sawa na kama lita 13 za ethanoli. Kwa siku chache za mvua hilo halina uzito.

Sheria yake kubwa ni moja. Msijaze kopo likiwa la moto, wala msilijaze likiwa ndani ya jiko. Litoeni, lipoe, mlijazie nje kwenye sitaha. Mwali wa spiriti mchana hauonekani, hivyo kabla ya kuamini kwamba umezimika, pitisheni kiganja kwa mbali juu yake. Blanketi la kuzimia moto liwe mahali mnapolifikia bila kuvuka jiko. Na madirisha yawe wazi, kwa sababu kila kilo ya ethanoli ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja ya maji kama mvuke, nayo huishia kwenye magodoro yenu.

Jiko la pampu la mafuta ya taa lina moto mkali zaidi, na wazee waliolizoea hawalibadilishi. Linataka kupashwa kwa spiriti kwanza, nozeli kuzibuliwa kwa sindano, na ukikosa subira hutoa mwali wa njano unaopaka dari masizi. Tangu 2018, serikali ilipoongeza ushuru kwenye mafuta ya taa, hata ile faida ya bei imepungua. Majiko ya dizeli, ambayo watu wa Ulaya ya kaskazini huyasifu, hupasha kibanda kizima; Kilifi mtayachukia ndani ya wiki. La makaa msiliwashe ndani ya kibanda kabisa, hata mvua ikinyesha namna gani, kwa kuwa hewa yake ya sumu haina harufu.

Mwisho uliuliza kuhusu kuoka. Tanuri la umeme sitawashauri, linakula yuniti nyingi. Keki huiva vizuri kwa mvuke ndani ya presha kuka, ingawa juu inabaki nyeupe. Mkate wa kumimina naupika kwenye sufuria nzito juu ya moto mdogo wa spiriti, kifuniko kikiwa kimefungwa kitambaa ili matone yasiudondokee, na ukishashika naigeuza sufuria juu chini mbele ya mwali kwa dakika chache mpaka uso wake upate rangi. Kwa kazi hiyo tumieni sufuria ya alumini mliyokuwa mkitaka kuitupa.