Maswali na majibu: akili za mbwa na paka wa mtaani kwetu

Barua nyingi za majuma haya zinauliza jambo moja: mbwa na paka tunaopishana nao kila siku wanaelewa kiasi gani? Nimechagua tano.

Mzee, hapa Busia kuna mbwa asiye na mwenyewe. Malori yanapopita kuelekea mpakani, yeye husimama kando hadi watu waanze kuvuka, ndipo naye avuke. Ni akili au bahati? – Msomaji, Busia

Ni akili, ndugu yangu. Bahati haiwezi kumweka mbwa hai miaka na miaka kwenye barabara ya malori. Siku nyingine mtazame macho. Mara nyingi utakuta haangalii lori, anaangalia miguu ya watu. Mguu wa kwanza ukishuka barabarani, masikio yanasimama. Kundi likienda, naye yumo katikati yao.

Kumsoma binadamu ndiko mbwa alikobobea. Mwaka 2002 mtafiti Brian Hare na wenzake walichapisha majaribio ya chakula kilichofichwa katika chombo kimoja kati ya viwili. Mtu alikionyesha chombo chenye chakula, na mbwa wakamwelewa kuliko sokwe, mnyama anayemshinda mbwa mbali katika kutumia vifaa. Na Hare sokwe anawajua: alishiriki pia katika utafiti uliotoka mwaka 2006 kuhusu sokwe wetu wa kisiwa cha Ngamba, Ziwa Victoria, hapa Uganda.

Kuna watakaosema hao ni mbwa waliolelewa ndani ya nyumba. Basi tazameni India, ambako watafiti waliwaonyeshea vidole mbwa wa mitaani wasiofunzwa na mtu yeyote. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Karibu nusu yao waliogopa hata kusogea, lakini kati ya waliosogea, kama 8 kwa kila 10 walifuata kidole. Mbwa koko hajapungukiwa akili. Amezidiwa na woga, na woga huo tumempa sisi.

Mbwa wetu huamka na kwenda getini kabla boda boda ya mume wangu haijasikika. Watoto wanasema ana mizimu. – Mama, Arua

Watulize watoto, mama. Sikio la mtu huishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. La mbwa hufika kama 45,000, na sauti nyembamba za mbali hulifikia wakati sisi hatusikii kitu. Kila pikipiki ina sauti yake: mnyororo uliolegea, eksozi iliyotoboka. Zaidi ya hapo, mbwa ameshazoea saa ya baba kurudi. Mwombe mume wako siku moja arudi saa isiyo yake, kwa boda ya mtu mwingine. Mbwa akibaki amelala, mmepata jibu.

Asalaam aleikum. Nikimwita paka wangu haji, ila nikifungua mfuko wa mukene (dagaa) anatokea mbio. Kweli anajua jina lake? – Msomaji, Bombo

Waaleikum salaam. Analijua. Mtafiti Atsuko Saito na wenzake, huko Japani, walionyesha mwaka 2019 kwamba paka wa nyumbani hutofautisha jina lao na maneno mengine yanayofanana nalo kwa urefu, hata likitamkwa na mgeni. Ila wengi waliitikia kwa kugeuza kichwa au kutikisa sikio tu. Kwa hiyo ukimwita, tazama sikio.

Na huo mlio wa "nyau" anaokupigia, paka wakubwa ni nadra kupigiana wenyewe kwa wenyewe. Wameuweka kwa ajili yetu, kwa sababu tunauitikia.

Mbwa wangu akiiba nyama, huinamisha kichwa na kukwepa macho yangu. Si anajua amekosa? – Msomaji, Jinja

Anachojua kwa hakika ni kwamba umekasirika. Mtafiti Alexandra Horowitz alilijaribu hili Marekani, akachapisha mwaka 2009: uso ule wa hatia ulitokea mbwa walipogombezwa, hata wale ambao hawakuonja kitu. Usimpige kwa ushahidi wa uso wake. Weka nyama juu.

Vijana wa mtaa wetu hurushia mbwa mawe. Je, mbwa hukumbuka? – Mzazi, Kisenyi, Kampala

Hukumbuka sana, na jambo hili linaniuma. Umeona mbwa anavyokimbia mtu akiinama tu kufunga kamba za kiatu? Jiwe halijaokotwa bado. Mbwa huyo ameshajifunza kwamba mkono ukishuka chini, maumivu yanafuata. Aliyejifunza hivyo, ukimbana kwenye kona ataingiwa kwanza na hofu, kisha atauma. Wakatazeni watoto, na wafundisheni kumpita mbwa polepole bila kumkodolea macho.

Mtoto akiumwa, msingoje. Osheni jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo aangaliwe kama anahitaji chanjo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Mwambieni na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa), ili mbwa huyo atafutwe na wenye mbwa wakumbushwe kuwachanja.