Maswali ya Muvi: Tuko na elfu 18 na tunataka kuendeleza Mad Max

SWALI: Habari ya kazi. Sisi ni vijana sita wa Kayole, tumekua tukiangalia Mad Max kwa kibanda cha video tangu tukiwa wadogo. Sasa tumeandika stori yetu, inaanzia pale Fury Road, ile Mad Max ya nne, iliishia, na mmoja wetu ataigiza Max, yule shujaa mwenyewe. Tumechanga sh. 18,000, tuko na simu mbili, bunduki za mbao na pikipiki nne za mabeste wa boda. Watu wa ploti wanatucheka ati huwezi endeleza muvi ya wazungu na pesa ya shopping. Na je, wenye muvi wakituona si watatushtaki?
Jeshi la Kwari, Kayole

JIBU: Vijana wangu, hao wanaowacheka hawajui hiyo muvi ilitoka wapi. George Miller alikuwa daktari, alifanya kazi hospitali huko Sydney akipokea watu wamevunjika kwa ajali, na alipoamua kushuti muvi ya barabara hakuwa na pesa ya maana. Ile ya kwanza ya 1979 ilimalizika na dola za Australia kati ya 350,000 na 400,000, na hiyo ni muvi ya magari kugongana kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mnakumbuka wale polisi wamevaa jaketi za ngozi nyeusi? Ngozi ya ukweli walivaa wawili tu, Mel Gibson na Steve Bisley, wengine wote ni ya kuiga. Ile van inapasuliwa kwa chase ya kwanza ilikuwa ya Miller mwenyewe. Na kuedit waliedit kwa nyumba, na mashine yenye baba ya prodyusa wake Byron Kennedy aliunda mwenyewe ju alikuwa injinia. Sasa kama hiyo si jua kali ni nini?

Kwa hivyo pesa yenu si shida kubwa. Shida ninayoona ni kwa barua yenu, mmesema mmoja wenu ataigiza Max. Tafadhali msifanye hivyo. Mkimweka Max, kila mtu atakaa hapo akilinganisha, na stori yenu itapotea kabla dakika tano ziishe. Chukueni ile dunia yake, dunia yenye petroli na maji vimekwisha, alafu muulize: hiyo siku Kangundo Road ingekaa aje? Matatu zimelala, makanga wamegeuka kuwa genge, na kuna mtu mmoja ameshika kisima cha maji. Kwa Fury Road, yule mtawala mbaya Immortan Joe anawafungulia watu maji kidogo tu alafu anafunga, na watu wanakanyagana na sufuria. Nani Kayole hajawahi amka saa kumi usiku kupanga mitungi kwa foleni akaambiwa maji imekatika ikiwa imebaki watu watatu? Hiyo kiu mnaijua kuliko mtu yeyote wa Hollywood, na hapo ndio nguvu yenu iko, sio kwa jaketi.

Wacha niwape kitu nilishuhudia kwa macho yangu. Kuna vijana walikuwa wanashuti kwa kwari upande wa Njiru, hawakuwa na gari hata moja, walikuwa na mkokoteni wa maji na mitungi kumi. Walifunga simu na mpira wa tyubu hapo chini karibu na gurudumu, kama inchi nne kutoka kwa ardhi, alafu mmoja akasukuma akikimbia mdogo mdogo na mwingine akawa anarusha vumbi na koleo. Kwa macho ilikuwa mkokoteni tu. Kwa simu, ndugu zangu, ilikuwa trela inakimbia inataka kuua mtu! Mawe yanapita kwa kamera shwaa, maji inamwagika, huoni hata ni mkokoteni. Nilishika kichwa. Kwa hivyo hizo boda zenu ziende pole kabisa, kamera ikae chini, mwendeshaji avae helmeti, kasi mtaitengeneza wenyewe. Pesa iende kwa chakula kwanza, watu sita wakishinda jua bila chapo na madondo hakuna muvi, alafu mafuta, alafu nguo za Gikomba na vyuma vya Kamukunji.

Kuhusu kushtakiwa nitawaambia ukweli vile uko. Sheria yetu ya hakimiliki ya 2001 inaruhusu kutumia kazi ya mtu bila ruhusa kwa vitu kama utafiti, matumizi ya kibinafsi, uhakiki na kuripoti habari. Muvi ya mashabiki ya kuendeleza stori haijatajwa hapo. Mnaishi kwa uvumilivu wa mwenye mali, na huo uvumilivu huisha pesa ikiingia. Kuna mashabiki wa Star Trek, zile stori za anga, huko Marekani waliamua kutengeneza yao inaitwa Axanar, wakachangisha zaidi ya dola milioni moja, na Desemba 2015 wenye Star Trek, kampuni za CBS na Paramount, wakaenda kortini. Kesi iliisha 2017 kwa makubaliano, lakini katikati hapo, 2016, kampuni zikatoa masharti kwa mashabiki wote: dakika 15 kwa stori moja ama vipande viwili visizidi 30, mchango usizidi dola 50,000, na watu wasilipwe. Hayo ni ya Star Trek, si ya Mad Max, lakini yanawaonyesha kampuni huangalia nini. Msiuze, msichangishe pesa na jina la Mad Max, msiweke muziki wao wala kipande cha picha yao, na mseme wazi mwanzoni kwamba ni kazi ya mashabiki.

Alafu hili nalisema kwa uzito kabisa: kushuti muvi ya kuonyesha watu Kenya kunahitaji leseni, ni sheria, Films and Stage Plays Act, Sura 222. Na bunduki zenu za mbao zisionekane barabarani hata dakika moja kabla hamjaenda kituo cha polisi kuongea na OCS, mkubwa wa hapo, na kumjulisha chifu. Afisa akiwa mbali hawezi jua hiyo ni mbao. Mkishamaliza sini, zirudi kwa gunia.

SWALI: Tulishuti yetu ya mapigano lakini sauti ni upepo mtupu, maneno hayasikiki. Tunaweza kuweka mtu wa kusimulia juu kama DJ Afro?
Mpiganaji, Dandora

JIBU: Wekeni bila aibu. Sisi tulijua hizi muvi kupitia sauti ya mtu anatuambia kwa Kiswahili nani ni adui na kwa nini, na hapo Kampala, mtaa wa Wakaliga, director Nabwana alitoa muvi ya Who Killed Captain Alex? 2010 kwa pesa inayosemekana haikufika dola 200, na sauti ya msimulizi VJ Emmie juu yake ni nusu ya utamu. Hata Mad Max ya kwanza ilipofika Marekani iliwekewa sauti za Wamarekani, ati lafudhi ya Australia haitaeleweka. Lakini msimulizi asiwe wa kuficha makosa tu, apewe kazi kwa stori. Next time simu ya pili iwe ndani ya mfuko wa shati ya mwigizaji ikirekodi, na kipande cha sponji ya godoro juu ya maiki.

SWALI: Kijana wangu ana miaka 21, pesa ya mjengo yote inaenda kwa hizi muvi za kuiga, juzi ameleta nyumbani shati tatu zimejaa damu ya uongo nikapiga nduru. Nimkataze?
Mama wa Umoja

JIBU: Mama, pole kwa huo mshtuko, na usimkataze. Kuna watoto watatu wa Mississippi walianza 1982 kurudia muvi nzima ya Raiders of the Lost Ark, sini kwa sini, wakashinda nayo mpaka 1989. Walipokuwa wanashuti ile sini ya baa kuungua, nusura wachome nyumba ya mama ya mmoja wao. Wazazi wakasimamisha kila kitu, baadaye wakawarudisha kwa sharti awepo mtu mzima. Nawe weka sharti lako mama: hakuna moto, hakuna petroli kwa nyumba, na akuonyeshe kila kitu akishamaliza kuedit. Mtu anayeweza kupanga picha na sauti ya dakika ishirini anaweza kushuti harusi na ruracio na alipwe, kwa hivyo mwambie aanze kutafuta hiyo kazi wikendi, muvi ifanywe siku zingine.

Shati nazo, kama damu ni rangi ya chakula na uji wa konflawa, ziloweke kwa maji baridi haraka kabla hazijakauka, usitumie ya moto. Isiyotoka mwachie, ataihitaji kwa sini ingine.