Muulize Shangazi wa Picha: "Simu yangu imejaa matope"

Shikamoo shangazi. Mwaka jana nilijifungua mtoto akiwa ameshafariki, mimba ilikuwa miezi minane na nusu. Wakaenda kumzika mimi bado niko kitandani hospitali, hata sura sikuiona. Watu wakaja, pole pole utapata mwingine, wiki mbili kila mtu karudi kwenye shughuli zake. Tangu hapo naamka alfajiri nashuka kwenye mikoko maji yakiwa yamekupwa napiga picha kwa simu, mizizi, matope, mashimo ya kaa. Zimeshafika mia mbili na kitu. Mume wangu ananiuliza hapa umepiga nini, nakosa jibu, na wifi ndo kasema kabisa nimechanganyikiwa. Ni kweli?
*Mama wa Pangani*

Marahaba mwanangu, pole sana. Hiyo pole ya "utapata mwingine" mimi huwa inanikera, maana unayemlilia ni huyu aliyeondoka, wa baadae hata hatumjui.

Hujachanganyikiwa. Kulikuwa na msanii mwanamke anaitwa Ana Mendieta, mzaliwa wa Cuba, mwaka 1961 akiwa na miaka 12 alipandishwa ndege yeye na dada yake wakapelekwa Marekani bila wazazi, wakalelewa kwenye vituo vya yatima na nyumba za watu huko Iowa, kwenye theluji, mama yao wakaja kuonana naye 1966. Alipokuwa mkubwa akaanza kuupeleka mwili wake kwenye ardhi. 1973 huko Yagul, Mexico, alilala ndani ya kaburi la kale la Wazapoteki, wenyeji wa huko, akafunikwa maua meupe, akapigwa picha, ukiangalia unaona kama maua yanaota mwilini kwake. Halafu kadiri miaka inavyokwenda akawa anajitoa. Yani yeye hayupo tena kwenye picha, limebaki umbo lake tu kwenye udongo, kwenye majani, saa nyingine analiwasha moto, na alitengeneza ya namna hiyo zaidi ya mia. Ninayoikumbuka zaidi ni ya 1976, ufukweni Mexico, kachimba umbo la mwanamke mchangani akajaza rangi nyekundu, akaacha mawimbi yaje yalile, na yeye anapiga picha tu huku linapotea. Alifariki 1985 ana miaka 36, umbo la mchangani lilishaondoka zamani, kilichobaki kwetu ni picha za slaidi.

Sasa rudi kwenye mashimo yako ya kaa. Mumeo akikuuliza umepiga nini mwambie nimepiga pahala ambapo kuna mtu hayupo. Akielewa sawa, asipoelewa mpe muda, na yeye kafiwa jamani, ila wanaume wetu wanafundishwa kuzika wanyamaze.

Mimi nilikuwa studio miaka ile ya kusafisha picha kwenye chumba cha giza, kwahiyo niruhusu nikusumbue kidogo. Kati ya hizo mia mbili chagua kumi, kaziprinti, nyuma andika tarehe kwa kalamu. Zile zenye jua linachomoza zuri zuri weka pembeni, zinapendeza kuliko zinavyosema. Filta usiguse, tope liache liwe tope. Rudi palepale kwenye mkoko uleule, bamvua ikija piga tena, utaona maji yalivyohamisha vitu. Na ukiona usingizi umegoma kabisa au unatamani ulale usiamke, usisubiri picha ikusaidie, nenda kwa nesi au daktari ukamwambie hivyohivyo ulivyoniandikia mimi. Wifi usimuonyeshe bado.

Shikamoo shangazi. Mimi napiga picha za harusi na sendofu. Kuna kikundi cha kina mama hapa kijijini waliopitia ukatili mkubwa, wanataka kufanya maonyesho lakini sura zao zisionekane. Nimewaza nipige pale pale mambo yalipotokea, njia ya kisimani, shamba la mihogo, bila watu. Ni sawa?
*Kijana wa Musoma*

Marahaba. Wazo zuri ila kuna mtego ndani yake. Sally Mann, mpiga picha wa Virginia, Marekani, 1998 alikwenda kupiga ukingo wa mto Tallahatchie, Mississippi, mto ambao 1955 walitoa mwili wa Emmett Till, mtoto mweusi wa miaka 14 aliyeuawa na wazungu. Kwenye picha kuna matope tu na maji, ukingo una kama ufa, basi. Lakini kumbuka kabla ya hapo mama yake, Mamie Till, aliamua jeneza liachwe wazi kwenye msiba Chicago ili dunia ione walichomfanyia mwanae, na jarida la Jet likaichapa ile sura. Kuficha au kuonyesha, siku ile aliyeamua ni mama, mpiga picha alifuata.

Mtego ni huu, mto ule habari yake inajulikana dunia nzima. Kijijini kwenu je? Lile shamba la mihogo kila mtu anajua la nani, mwembe wa njia panda ukiupiga picha ni sawasawa na kumpiga picha mwenye nyumba usoni. Utakuwa umeficha sura halafu umemuanika na mti wake. Kwahiyo kila mama achague mwenyewe pahala, hata pa mbali na pale, ziwani huko, panapofanana na anavyojisikia, na kamera mpe ashike, wewe mwelekeze mwanga. Usimlazimishe akusimulie. Kwenye simu zima lokesheni, maana picha inabeba ramani ndani yake bila wewe kujua. Na akibadili mawazo siku ya maonyesho asubuhi, unaitoa ukutani, hakuna mjadala.

Shangazi nina laki nne, ninunue kamera gani ya kupigia mandhari?
*Asha, Moro*

Una simu? Futa kwanza lenzi yake na kanga safi. Hiyo laki nne nunua stendi ya kushikilia simu, nyingine ya kuprinti, inayobaki nauli ya kupanda Uluguru. Ukirudi tuandikie.