Muulize Mjomba: Mama yake Jon, mdogo wa Cersei na kijana wa tangawizi

Barua za mwezi huu zimejaa mezani mpaka sina pa kuweka kikombe, na karibu zote zinahusu kitu kimoja, vile vitabu vya George R. R. Martin, A Song of Ice and Fire. Kosa ni langu. Mwezi jana niliandika sentensi moja tu kwamba nadharia nyingi za mashabiki ni porojo, basi mmenishukia kama majoka. Haya, tukae tuongee. Ila humu kuna spoila za vitabu vyote vitano na za tamthilia yake, Game of Thrones, anayeogopa afunge ukurasa sasa hivi.

*Mjomba shikamoo. Mi na rafiki yangu tunabishana kila siku kuhusu mama yake Jon Snow. Yeye anasema mambo yaliisha 2016 kwenye tamthilia, Jon ni mtoto wa Rhaegar na Lyanna, hakuna tena cha kujadili. Mi nasema vitabu havijasema kwa hiyo bado ni nadharia tu. Nani yuko sahihi? – Mbishi wa Usiku*

Marahaba mpwa wangu. Wewe uko sahihi kwa herufi, rafiki yako yuko sahihi kwa jibu. Vitabu kweli havijatamka, lakini sidhani kama kuna nadharia nyingine yenye miguu kama hii, na watu walianza kuisema miaka ya tisini kabla hata kitabu cha tatu hakijatoka. Kinachoniudhi ni watu kusema "tamthilia ilisema" wakati ushahidi mzuri uko kwenye karatasi.

Rudi kitabu cha kwanza, cha 1996, ile ndoto ya Ned Stark, anayemlea Jon kama mwanae na ni kaka yake Lyanna, akiwa kitandani mguu umevunjika. Wako saba dhidi ya watatu mbele ya mnara, na wale watatu ni walinzi wa mfalme, wa majoho meupe, akiwemo Arthur Dayne. Sasa jiulize kama askari, siyo kama shabiki. Mfalme keshakufa, mwanae Rhaegar keshakufa, Viserys mdogo wake Rhaegar kapelekwa kisiwani Dragonstone, na Ned anawauliza moja moja mbona hamkuwa kule, mbona hamkuwa huku, nao wanajibu kwa kiburi kabisa kwamba kiapo ni kiapo. Wanamlinda nani hapo milimani? Mnara mtupu? Alafu Lyanna yuko ndani, kuna damu, kuna harufu ya waridi, kuna ahadi anayomsihi kaka yake. Na kitanda cha damu kwenye vitabu hivi ni maneno yanayotumika kwa kujifungua, mkunga Mirri Maz Duur anayatamka kitabu hichohicho.

Ila mimi kilichonimaliza ni kitu kidogo zaidi. Kuna mahali Ned anawaza angefanya nini kama uhai wa mtoto asiyemjua ungewekwa kwenye mzani dhidi ya watoto wake, anawataja, Robb, Sansa, Arya, Bran, Rickon. Watano. Alafu ndo anajiuliza mkewe Catelyn angefanya nini kama ingekuwa ni uhai wa Jon dhidi ya watoto wa tumbo lake. Yaani Jon kamweka upande ule mwingine wa mzani, peke yake, na ni kichwani mwake mwenyewe ambako hana wa kumdanganya. Mara ya kwanza nilipita hapo mbio kama wote.

Kisa cha tamthilia ni kizuri pia, walioitengeneza, David Benioff na D. B. Weiss, wamesimulia kwamba Martin kabla ya kuwakubalia aliwauliza mama yake Jon ni nani. Wakapatia. Sasa mtu hawezi kuuliza mtihani ambao majibu hayamo kwenye vitabu. Ila rafiki yako asijitanue sana, lile suala la ndoa ya siri na jina la Aegon ambalo tamthilia ilimpa Jon 2017, hilo sijaliona kwenye kurasa, na kwenye vitabu kuna Aegon mwingine anayetembea. Ndo barua inayofuata.

*Mjomba, yule Young Griff wa kitabu cha tano ni Aegon wa kweli au feki? Nataka ndiyo au hapana, usizunguke. – Msomaji asiye na subira*

Feki. Umeridhika?

Najua hujaridhika. Kwanza kwa walioangalia tamthilia tu, huyu kijana hamumjui kabisa maana walimtoa mzimamzima. Anaibuka kwenye kitabu cha 2011 na habari kwamba yule mtoto wa Rhaegar aliyeuawa akiwa mchanga hakuwa yeye, Varys, mkuu wa majasusi wa mfalme, alibadilisha watoto, na kwa vile askari Gregor Clegane aliuponda uso wa maiti hakuna wa kuthibitisha. Hadithi tamu. Tamu mno. Na anayeisimulia ni Varys na wenzake, watu ambao hata saa ukiwauliza inabidi ukaangalie jua.

Upande wa pili kuna lile jeshi la kukodi, Golden Company, liliundwa na Bittersteel kwa ajili ya ukoo wa Blackfyre, waasi wa joka jeusi, na halijawahi kuwa rafiki wa joka jekundu, yaani Targaryen, ukoo wa Rhaegar. Leo wanampigania mtu wa joka jekundu bure? Tyrion, mdogo wake malkia Cersei, anapouliza, Illyrio, mshirika wa Varys, anajibu kwa utani kwamba joka ni joka, jeusi au jekundu. Kitabu cha nne nako padri mzururaji Meribald anasimulia kibao cha chuma cha nyumba ya wageni kilichokuwa na umbo la joka jeusi, mtawala wa eneo akakikatakata akatupa mtoni, na miaka mingi baadaye kichwa kimoja kikaletwa na maji kikiwa chekundu. Kwa kutu! Joka jeusi limerudi kwa maji likiwa na rangi nyekundu, na limewekwa kwenye stori ya njiani ambayo nusu ya wasomaji wanairuka wakisubiri mapanga.

Lakini kinachonigusa mimi siyo kibao, ni tangawizi. Illyrio anampa Tyrion safari, na kati ya mizigo kaweka tangawizi ya sukari kwa ajili ya kijana kwa sababu anaipenda tangu zamani, na pale bwana mkubwa yule mnene mfanyabiashara wa kila kitu anasikika ana huzuni. Kwanini huzuni? Ana nguo za mtoto wa kiume zimehifadhiwa kwenye masanduku, alikuwa na mke aliyefariki mwenye nywele za dhahabu zenye mistari ya fedha. Mi nasoma pale namuona baba. Sasa kama ni kweli, kijana mwenyewe hajui, amelelewa, amefundishwa lugha na historia, anaamini kabisa kwamba ni mfalme aliyeporwa. Kwa hiyo nikisema feki naona hata neno lenyewe linamwonea. Sawa, nimezunguka, samahani.

*Mjomba nimegundua kitu!! Kuna mhusika rangi ya macho yake inabadilika kati ya kitabu na kitabu. Itakuwa ni mtu mwingine amevaa sura yake, si ndiyo? – Mpelelezi*

Hapana mpwa. Kuna farasi humo amebadilika jinsia, na Martin mwenyewe amekiri ni kosa lake, na macho hayohayo pia. Bahati mbaya kwetu ni kwamba siyo kila tofauti ni kosa. Sansa, binti yake Ned, anakumbuka askari aitwaye Hound akimbusu usiku wa vita, na ukirudi kwenye sura ile hakuna busu lolote, na hapo Martin kasema ni makusudi, kumbukumbu ya Sansa ndo inamdanganya. Utajuaje kipi ni kipi? Mimi naangalia kama tofauti inamhusu mtu moyoni. Busu ambalo halikuwepo lina uzito. Farasi ni farasi.

*Mjomba shikamoo, naomba unisaidie valonqar ni nani. Jaime au Tyrion? Mi niko kwa Jaime ila wananiambia ana mkono mmoja, na unabii unasema mikono. – Dada wa Casterly Rock*

Marahaba binti yangu. Hii barua nimeisubiri mwaka mzima.

Kwa ambao hawajafika: kitabu cha nne tunaambiwa Cersei akiwa msichana alikwenda kwa mpiga ramli, Maggy, akaambiwa mambo mengi na la mwisho ni kwamba valonqar ataizungushia mikono shingo yake na kumnyonga. Cersei akamuuliza mlezi wake, akaambiwa ni Kivalyria, maana yake mdogo wa kiume. Toka siku hiyo akazidi kumchukia Tyrion. Tamthilia ilionyesha ile ramli mwanzo wa sizoni ya 5, 2015, ila kipande cha valonqar wakakiacha.

Sasa nisikilize, maana hapa sisi tunaosoma huku tunawaza kwa Kiswahili tuna faida ambayo Waingereza hawana. Kitabu hichohicho cha nne, Maester (yaani msomi) Aemon, mzee wa miaka mia na ushee, kipofu, anakaribia kufa melini, ghafla anagundua kwamba ule unabii mkubwa wa mwana wa mfalme aliyeahidiwa walikuwa wanausoma vibaya kwa miaka elfu. Walitafuta mwanaume. Rhaegar alidhani ni yeye, baadaye akadhani ni mwanae. Kumbe majoka hayana dume wala jike, kosa liliingia kwenye tafsiri, na mzee analia kwamba hakuna aliyewahi kumtafuta msichana, yaani Daenerys, dada mdogo wa Rhaegar. Msomaji wa Kiingereza hapo anashtuka. Mimi nilitabasamu, kwa sababu kwetu "yeye" ni yeye, "mwana" ni mwana, ukiniambia mwana aliyeahidiwa atakuja na upanga wake wala sijui kama nimngojee kaka au dada mpaka nimuone.

Rudi kwa valonqar na mchezo uleule. Mlezi kasema mdogo wa kiume, lakini kwenye kitabu hichohicho mwandishi anatuonyesha kwamba tafsiri za Kivalyria zinakosea jinsia. Ndo maana wapo wanaosema anaweza kuwa mdogo wa kike pia. Mimi siendi huko sana ila mlango uko wazi. Na kuna la pili, zuri zaidi: Maggy hakusema mdogo WAKO. Ungemwambia mtu yeyote kwa Kiswahili kwamba "mdogo atakunyonga", swali la kwanza kabla hata ya kuogopa ni "mdogo wa nani?" Cersei hakuuliza. Msichana mwenye akili vile, akachukua jibu la kwanza lililolingana na chuki aliyokuwa nayo tayari.

Hata hivyo niko na wewe kwa Jaime. Ni mapacha, Cersei ndiye alitangulia kuzaliwa, Jaime akafuata kashika mguu wake, kwa hiyo ni mdogo, ni wa dakika tu lakini ni mdogo, na Cersei hamuwazii hata mara moja kwa sababu kwake Jaime ni yeye mwenyewe mwenye ndevu. Mwisho wa kitabu cha nne dada yake anamwandikia barua ya kumsihi aje kumwokoa, na Jaime anaisoma na kuagiza itupwe motoni. Kuhusu mkono mmoja, ana wa nyama na ana wa dhahabu, shingo haitauliza.

*Mjomba, huoni kama tunamharibia mzee? Tukigundua kila kitu si atabadilisha mwisho? – Mwenye hofu*

Amelisema hili mara nyingi, habadilishi. Hoja yake ni kwamba ukishapanda dalili kwamba muuaji ni mtumishi fulani, ukija kugeuza dakika ya mwisho kwa sababu kuna mjanja mmoja kashtukia, dalili zako zote zinakuwa uongo na wasomaji wengine wote umewatapeli. Mi namuelewa.

Ila kubadilika kwa sababu zake mwenyewe, hilo lipo. Kuna barua aliyomwandikia wakala wake 1993, baadhi ya kurasa zilionekana hadharani 2015, humo hadithi ni ya vitabu vitatu tu, na Jon na Arya wanapendana. Ndiyo, Arya huyuhuyu. Anajiita mtunza bustani, anapanda aone kinaota nini, siyo mjenzi mwenye ramani. Kwa hiyo nadharia yako inaweza kuwa sahihi kabisa kwa mbegu ya 1996 na bado mti ukaota kona. Tangu Julai 2011 tunasubiri kitabu cha sita, na nadhani muda huo wote wa kusubiri ndo umetuzalishia hizi nadharia, mtu mwenye njaa anaona sura za watu kwenye mawingu.

*Shikamoo Mjomba, mi ndo kwanza nimeanza kitabu cha kwanza, niko ukurasa wa 40. Naupenda sana ukurasa wako. Naomba tu mwezi huu usitaje nani ni mtoto wa nani. – Mgeni*

Marahaba mwanangu. Nilisema pale juu kabisa ufunge ukurasa. Wengine huwa mnaanza kusoma kutoka chini, basi kama ni wewe, ishia hapo hapo usipande. Na ukifika kwenye ndoto ya Ned, mguu umevunjika, usikimbie, hesabu walioko mbele ya mnara na uniandikie kabla hujamuuliza mtu mwingine.