Chuma cha moto na nyasi za juani

*Shikamoo Mwalimu. Nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja Arusha. Nilipomwambia mgeni Mwingereza kwamba watalii hufurika Julai hadi Septemba, akajibu "make hay while the sun shines". Shuleni nilifundishwa kuwa ni sawa na "strike while the iron is hot". Ni kweli? Na "push your luck" ndiyo "try your luck"?*

Marahaba. Si sawa, na mgeni wako alichagua msemo uliofaa kabisa.

Chuma cha "strike while the iron is hot" (fua chuma kingali moto) ni cha mhunzi. Akikitoa motoni kimeiva, ana muda mfupi tu wa kukifua. Kikipoa, anagonga bure. Nafasi ni moja na tendo ni la papo hapo. Msemo huu ni wa kale. Mshairi Mwingereza Chaucer aliutumia karne ya 14. Meneja ametoka kukusifu mbele ya wenzako, nawe unataka nyongeza ya mshahara? Hapo ndipo pa chuma.

Nyasi za "make hay while the sun shines" (anika nyasi jua likiwaka) ni habari nyingine. Mkulima wa Uingereza huzikata wakati wa joto, akazianika shambani siku kadhaa huku akizigeuza, ziwe chakula cha mifugo msimu wa baridi. Mvua ya kule haina miadi, na nyasi zikihifadhiwa mbichi huvunda. Basi jua likitoka, ni kazi kutwa. Methali hii imo katika mkusanyo wa methali wa mwandishi Mwingereza John Heywood wa mwaka 1546. Nafasi yake ni ya kipindi kizima na inadai jasho kila siku, kama Julai hadi Septemba yako.

Kwetu, "udongo uwahi ungali maji" unakwenda na chuma. Wapo wanaoongeza "samaki mkunje angali mbichi". Mimi siafiki: hiyo ni methali ya malezi, na kuihamishia kwenye biashara ni kuipunguzia uzito.

Kuhusu bahati: "try your luck" ni kubahatisha tu, hakuna lawama. "Push your luck" humhusu aliyekwisha kupata, naye anataka zaidi. Umeomba ruhusa ya siku moja, umepewa. Ukirudi kuomba ya pili, utaambiwa "don't push your luck", na hilo ni onyo.

Katika barua ya kuomba kazi usiandike wowote kati ya hiyo miwili. Hata ule usio na lawama humwambia mwajiri kwamba huamini kuwa unastahili.